Ndani ya mwamba, chini ya jiwe au udongoni: kuchagua pa kuchunguza uhai katika majangwa baridi ya ncha za dunia

Bonde la University liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, katika eneo la mabonde makavu ya McMurdo huko Antaktika, na wastani wa joto lake kwa mwaka ni nyuzi 23 za Selsiasi chini ya sifuri. Kuta zake ni za jiwe mchanga, na sakafu yake ni udongo mkavu uliolala juu ya ardhi iliyoganda daima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill cha Kanada na wenzao, waliouchimba udongo huo na kuupima kwa njia nyingi, walitangaza mwaka 2016 kwamba hawakuona dalili ya vijidudu vinavyofanya kazi humo. Seli walizozihesabu zilikuwa elfu chache tu kwa gramu, ilhali gramu moja ya udongo wa shamba la kawaida huweza kuwa na seli zinazofikia bilioni. Lakini katika bonde hilohilo, ndani ya mawe ya kuta zile, wamo kuvu, mwani na bakteria walio hai, ambao hufanya usanisinuru na kupumua kila hali inaporuhusu. Baridi ni moja, jua ni moja, theluji ni ileile, na umbali kati ya ukuta na sakafu ni wa kutembea kwa miguu. Kinachotofautiana ni mahali kiumbe alipojibanza.

Kwa mwanafunzi au mtafiti anayetaka kuanza kazi juu ya vijidudu vya majangwa baridi, tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kumwongoza kuchagua. Makazi ya kulinganisha ni matatu: ndani ya mwamba, chini ya mawe yaliyotapakaa ardhini, na udongo wenyewe. Juu ya hayo kuna uamuzi wa pili, yaani kwenda kusini au kaskazini. Wengi huanza na udongo kwa kuwa ni rahisi kuuchota, na kwa maoni yangu hapo ndipo wanapojitwisha mzigo mzito kuliko wanavyodhani, kwa sababu kati ya makazi hayo matatu udongo ndio rahisi zaidi kukusanya na ndio mgumu zaidi kuufasiri.

Yafaa kwanza kuelewa kwamba adui mkubwa wa uhai katika maeneo haya si baridi peke yake, bali ni ukosefu wa maji yaliyo katika hali ya kimiminika. Mabonde ya McMurdo hupata chini ya milimita 100 za maji kwa mwaka, yote yakiwa theluji, na sehemu kubwa ya theluji hiyo hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka, hasa pepo kavu zinaposhuka kutoka kwenye uwanda wa barafu. Kwa hiyo mtu anayelinganisha makazi ya vijidudu hapa, kwa kweli analinganisha njia mbalimbali za kuyapata maji kidogo na kuyashikilia kwa saa au siku chache kabla hayajapotea.

Ndani ya mwamba

Aliyetufungulia mlango huu ni Imre Friedmann, mwanabiolojia mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani. Alikuwa amekwisha kuona mwani ndani ya mawe ya jangwa la Negev, na mwaka 1976 yeye na Roseli Ocampo walichapisha habari kwamba sianobakteria, yaani bakteria wanaofanya usanisinuru, wanaishi pia ndani ya mawe ya mabonde makavu ya Antaktika. Wakati huo kulikuwa na wanasayansi walioyahesabu mabonde hayo kuwa karibu hayana uhai, na waliokuwa wakiandaa vyombo vya Viking, vilivyotua Mirihi mwaka huohuo, waliyatumia kama mfano wa sayari hiyo.

Ukilipasua kwa nyundo jiwe mchanga la kundi liitwalo Beacon, lililokaa upande unaopigwa na jua, utaona mpangilio ambao hauhitaji hata hadubini. Juu kabisa lipo ganda gumu la rangi ya kutu, lenye unene wa milimita moja hivi, ambalo kwa macho halina kitu. Chini yake unaanza mstari mweusi: hapo likeni, yaani kuvu na mwani walioungana kuishi pamoja, hujipenyeza kati ya punje za mchanga, na weusi huo ni rangi ya kujikinga na mwanga mkali. Unafuata mstari mweupe wa nyuzi za kuvu, uliopauka kwa sababu asidi zinazotolewa na viumbe hao zimeyeyusha madini ya chuma yaliyokuwa yakiipa punje rangi yake na kuyahamisha. Chini yake tena upo mstari wa kijani, wa mwani na sianobakteria wanaotosheka na mwanga hafifu uliobaki. Mistari yote mitatu huenea ndani ya sentimita moja tu ya kina. Chuma kinapohamishwa, punje hulegea, ganda la juu hubanduka vipande vipande, likeni hushuka kidogo ndani zaidi, na ganda jipya hujengeka polepole. Ndiyo maana mwamba wenye uhai ndani yake huonekana kwa nje kuwa na mabaka meupe na ya kahawia, na mtafiti mzoefu huutambua kabla hajaugusa.

Sababu ya viumbe kuingia ndani badala ya kukaa juu ni joto na maji. Jua la kiangazi likiupiga mwamba, joto ndani yake hupanda juu ya sifuri hata kama hewa iliyouzunguka imebaki chini ya sifuri, na theluji iliyoangukia mwamba uliopata moto huyeyuka na kunyonywa na matundu madogo ya jiwe, ambako unyevu unaweza kudumu kwa siku kadhaa. Juu ya uso wa mwamba mambo ni kinyume: upepo mmoja ukipita, joto hushuka chini ya sifuri, kisha hupanda tena, na mzunguko huo wa kuganda na kuyeyuka huweza kujirudia mara nyingi ndani ya saa moja. Seli chache tu huvumilia adhabu hiyo. Milimita chache ndani, mabadiliko yale hufika yakiwa yamepoozwa. Hata hivyo muda wa kufanya kazi ni mfupi mno. Vipimo vilivyofanywa kwenye uwanda mdogo uitwao Linnaeus Terrace, katika milima ya Asgard, vilionyesha kwamba kati ya saa 8,760 za mwaka, saa ambazo jamii hizi huweza kufanya usanisinuru hazizidi sana elfu moja. Ukuaji wake kwa hiyo ni wa taratibu kiasi kwamba kaboni iliyomo huhesabiwa kuzunguka kwa muda wa maelfu ya miaka.

Kwa mtafiti, makazi haya yana faida tatu ambazo sioni yakishindwa na mengine. Kwanza, jamii ina mpaka: unajua inapoanzia na inapoishia, na unaweza kuikata kwa msumeno na kuichunguza mstari kwa mstari. Pili, wazalishaji wa chakula wanaonekana, kwa hiyo usanisinuru unaweza kupimwa moja kwa moja kwa kifaa cha mng'ao wa klorofili au kwa kufuatilia kaboni dioksidi inayoingia na kutoka. Tatu, aina za viumbe si nyingi, na baadhi yao zimechunguzwa kwa miaka mingi. Kuvu weusi kama *Cryomyces antarcticus* na *Friedmanniomyces endolithicus*, huyu wa pili akiwa amepewa jina la Friedmann mwenyewe, wameoteshwa katika maabara nyingi. *Cryomyces* hata alipelekwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, akakaa mwaka mmoja na nusu kuanzia mwaka 2008 akipigwa na mnururisho na utupu, na baadhi ya seli zake zilirudi zikiwa hai.

Hasara zake zinatokana na ubora huohuo. Kuta nene za seli za kuvu hawa, zenye rangi nyeusi ya melanini, hazipasuki kirahisi, na mtu asiyelijua hilo atatoa DNA ya bakteria peke yake na kudhani kuvu ni wachache. Kila sampuli ni kipande cha mwamba kilichochukua maelfu ya miaka kuwa kilivyo, na ukikivunja hakirudi. Zaidi ya hayo, si kila mwamba unafaa: unahitaji jiwe lenye matundu na linalopitisha mwanga, kama jiwe mchanga. Palipo na doleriti nyeusi iliyoshikamana, hutapata mistari hiyo mitatu. Katika mawe magumu ya namna hiyo uhai hukaa kwenye nyufa tu, na jamii za nyufani ni za aina tofauti.

Chini ya jiwe

Makazi ya pili huitwa hipolithi, na hupatikana upande wa chini wa mawe yaliyolala juu ya udongo, hasa mawe ya kwatzi nyeupe yanayopitisha mwanga. Ukiliinua jiwe la namna hiyo utaona utando wa kijani uliong'ang'ania sehemu iliyokuwa imegusa udongo. Jiwe humfanyia kiumbe kazi nyingi kwa pamoja: hupitisha mwanga kidogo wa kutosha usanisinuru, huzuia sehemu kubwa ya miali ya urujuanimno, huvunja upepo, na hukamata unyevu unaojikusanya chini yake.

Katika bonde la Miers, kusini mwa eneo la McMurdo, watafiti wakiwamo Don Cowan wa Afrika Kusini wamezigawa hipolithi katika aina tatu: zinazotawaliwa na sianobakteria, zinazotawaliwa na kuvu, na zile ambazo mosi, yaani mimea midogo laini isiyo na mizizi, zimeota chini ya jiwe. Aina ya kwanza ndiyo inayopatikana kwa wingi. Jambo lililonivutia zaidi katika kazi yao ni la naitrojeni, kwa kuwa walionyesha kwamba jamii hizi huikamata kutoka hewani na kuigeuza kuwa chakula, na hivyo utando mdogo chini ya jiwe huweza kuwa chanzo cha mbolea kwa udongo wa jirani ambao hauna mmea wowote.

Kaskazini kuna ushahidi wa ajabu zaidi. Mwaka 2004 Charles Cockell na Dale Stokes walitoa taarifa kutoka visiwa vya Cornwallis na Devon katika Aktiki ya Kanada kwamba zaidi ya mawe 9 kati ya 10 waliyoyakagua yalikuwa na hipolithi, ingawa mawe yenyewe hayapitishi mwanga hata kidogo. Maelezo yao ni kwamba kuganda na kuyeyuka kwa ardhi huyasukumasukuma mawe, mawe yanapanga mistari na duara, na msukosuko huo huacha nafasi nyembamba pembeni mwa kila jiwe ambamo mwanga hupenya. Kwa sababu hiyo kijani hukaa kama ukanda kuzunguka kingo za jiwe, si katikati yake. Walikadiria pia kwamba uzalishaji wa jamii hizo unaweza kulingana na ule wa mimea, likeni na mosi zote zinazoonekana juu ya ardhi ya eneo hilo. Mtu aliyepita hapo akihesabu majani tu angekuwa ameuacha nusu ya uhai chini ya viatu vyake.

Kwa kazi ya shambani, hipolithi ndiyo rahisi kuliko zote kuhesabu. Unaweza kunyoosha kamba ya mita 50, ukaliinua kila jiwe lililogusa kamba, ukaandika lina kijani au halina, ukapima unene wake na kina lilichozama, kisha ukalirudisha kama lilivyokuwa. Hakuna nyundo, na jiwe lililorudishwa vizuri upande uleule lina nafasi ya kuendelea. Takwimu zinazotokana na kazi hiyo ni safi, kwa sababu jiwe lisilo na kitu nalo ni jibu. Kasoro ni kwamba utando hugusana na udongo, kwa hiyo ukikwangua unachota vyote viwili, na ukisoma DNA lazima ujiulize nani ni mkazi wa jiwe na nani ni mpita njia kutoka chini. Watafiti wengi wanaona kwamba udongo ndio unaoipa hipolithi wakazi wake wa kwanza, kisha jiwe huchuja wale wanaofaa, jambo linalofanya sampuli ya udongo wa kando iwe ya lazima na si ya hiari.

Udongoni

Historia ya udongo ni historia ya kubishana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Norman Horowitz na wenzake walisema kwamba baadhi ya udongo wa mabonde makavu hauna vijidudu kabisa, na Wolf Vishniac wa Chuo Kikuu cha Rochester akawapinga, akaenda na vifaa vyake kuthibitisha, na Desemba 1973 akaanguka na kufa katika milima ya Asgard alipokuwa akivifuata. Ubishi huo haukumalizwa na kuotesha bakteria kwenye sahani, kwa kuwa vijidudu vingi vya huko havikubali kuota katika vyakula tunavyovipa. Mwaka 2002 Cowan na wenzake walipima ATP, kemikali ya nishati inayotumiwa na kila seli hai, katika udongo wa mabonde hayo, wakaona kwamba wingi wa vijidudu ulikuwa maelfu ya mara zaidi ya ule uliokuwa ukikadiriwa kwa njia ya kuotesha.

Hapa ndipo msomaji anaweza kuuliza: je, udongo wa bonde la University mbona ulikutwa hauna dalili ya uhai unaofanya kazi? Jibu ni kwamba neno udongo linafunika vitu vingi mno. Udongo wa sakafu ya bonde la Taylor, ulio karibu na bahari na vijito vya kiangazi, si sawa na udongo wa bonde la juu ambako hakuna siku ambayo wastani wa joto la hewa huvuka sifuri. Mwinuko, umri wa ardhi, umbali kutoka baharini na hasa chumvi huamua karibu kila kitu. Kwenye maeneo yasiyo na barafu kando ya barafuto ya Shackleton, watafiti wa Marekani walikusanya sampuli 204 za udongo kutoka maeneo 10, na katika taarifa yao ya mwaka 2021 walieleza kwamba katika takriban moja ya tano ya sampuli hizo hawakuweza kugundua kijidudu chochote, si kwa kuotesha, si kwa DNA, si kwa kupima shughuli. Sampuli hizo ndizo zilizokuwa za mwinuko mkubwa, kavu zaidi na zenye chumvi nyingi. Wao wenyewe walikuwa waangalifu kusema kwamba kutogundua si sawa na kuthibitisha kuwa hakuna.

Palipo na uhai udongoni, namna ya kuishi ni ya kushangaza kuliko ya mwambani. Katika Robinson Ridge, karibu na kituo cha Australia cha Casey mashariki mwa Antaktika, timu ya Belinda Ferrari na Chris Greening iligundua bakteria wengi wa udongoni ambao hawategemei jua. Taarifa yao ya mwaka 2017 ilieleza kwamba bakteria hao huvuta hidrojeni na kaboni monoksidi kutoka hewani, gesi ambazo zimo kwa kiasi kidogo sana, hidrojeni ikiwa takriban nusu ya sehemu moja katika kila sehemu milioni za hewa, na hutumia nishati yake kujiendesha na kufunga kaboni dioksidi. Ikiwa swali lako ni jinsi uhai unavyoweza kujilisha pasipo mwanga, pasipo mmea na pasipo mabaki ya kiumbe mwingine, basi udongo hauna mpinzani.

Udongo una jambo jingine ambalo mwamba hauna: wanyama. Katika bonde la Taylor, linalofuatiliwa na mradi wa muda mrefu wa Marekani tangu mwaka 1993, mnyama anayetawala ni mnyoo nematodi aitwaye *Scottnema lindsayae*, asiyefikia hata urefu wa punje ya mchanga mkubwa, ambaye hula vijidudu na hujikausha na kulala ardhi inapokauka. Kiangazi cha mwaka 2001 hadi 2002 kilikuwa na joto lisilo la kawaida, vijito vikafurika, udongo ukalowa, na katika miaka iliyofuata mnyoo huyo wa mahali pakavu akapungua huku spishi nyingine inayopenda unyevu ikiongezeka. Uhusiano wa namna hiyo kati ya hali ya hewa, kijidudu na mnyama huwezi kuufuatilia ndani ya jiwe.

Na kinyume cha wanaodhani kwamba udongo huo umelala tu, upo mfano wa sili. Mizoga ya sili waliopotea njia na kufa katika mabonde hayo hukauka na kubaki kwa karne nyingi. Watafiti wa New Zealand na wenzao walichukua mzoga mmoja wa miaka takriban 250 katika bonde la Miers, wakauhamishia mahali ambapo hapakuwa na mzoga, na katika miaka michache tu jamii ya bakteria chini yake ikabadilika na kufanana na ile iliyokuwa chini ya mzoga mahali pa kwanza. Mzoga haukuleta chakula kingi. Ulileta kivuli, unyevu uliotulia na joto lisiloyumba.

Tatizo la udongo liko maabarani. Baridi na ukavu huhifadhi DNA ya viumbe waliokufa zamani, na mashine ya kusoma DNA haitofautishi marehemu na aliye hai. Upepo huleta vumbi lenye vijidudu kutoka ziwani, vijitoni na kwenye hipolithi, na vyote hivyo vitaonekana kwenye orodha yako kana kwamba ni wenyeji. Vijidudu vikiwa vichache, hata uchafu mdogo uliomo ndani ya dawa za maabara huweza kuzidi kilichotoka kwenye sampuli. Kwa hiyo asiyekuwa na sampuli tupu za kulinganishia katika kila hatua, na asiyeweza kupima RNA, ambayo seli hai huitengeneza inapofanya kazi, au upumuaji, afadhali asiuguse udongo wa mabonde ya juu.

Kusini au kaskazini

Antaktika ina mabonde safi zaidi kwa utafiti huu, kwa maana ya kwamba hakuna mimea yenye mizizi inayoingilia hesabu. Lakini kuyafikia si jambo la mtu binafsi. Kazi katika McMurdo hupitia mpango wa taifa, kama ule wa Marekani au wa New Zealand, kwa ndege kutoka Christchurch, New Zealand, kisha helikopta, kati ya Oktoba na Februari. Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991, iliyoanza kutumika mwaka 1998, huweka masharti ya mazingira, mabonde yenyewe ni eneo linalosimamiwa kwa pamoja, na Linnaeus Terrace ni eneo lililohifadhiwa mahususi ambalo huingii bila kibali. Taka zote hurudishwa, mkojo ukiwamo. Kwa Mwafrika, mlango ulio karibu zaidi ni Afrika Kusini, mmoja wa watia saini wa kwanza wa Mkataba wa Antaktika wa mwaka 1959, ambayo ina kituo chake, SANAE IV, na kundi la Chuo Kikuu cha Pretoria ambalo limefanya kazi nyingi juu ya hipolithi na udongo wa mabonde hayo.

Aktiki ina faida ya kufikika, lakini lazima mtu achague vizuri. Svalbard, visiwa vya Norwe, ina ndege za kawaida hadi Longyearbyen na kituo cha chuo kikuu mahali hapohapo, ila sehemu kubwa ya upande wake wa magharibi ni tundra yenye mosi na mimea midogo, si jangwa halisi, na anayekwenda shambani lazima afunzwe kujihadhari na dubu. Jangwa la kweli liko katika visiwa vya kaskazini kabisa vya Kanada. Eureka, kwenye kisiwa cha Ellesmere, hupata chini ya milimita 100 za maji kwa mwaka, na wastani wa joto lake ni nyuzi 19 hivi chini ya sifuri. Kisiwa cha jirani cha Axel Heiberg kina kituo cha McGill tangu miaka ya 1960. Kutoka ardhi iliyoganda ya visiwa hivyo vya kaskazini alipatikana *Planococcus halocryophilus*, bakteria aliyeonyeshwa kukua katika nyuzi 15 chini ya sifuri, na kuendelea na shughuli za mwili hata katika nyuzi 25 chini ya sifuri. Tofauti na mabonde ya juu ya kusini, joto la kiangazi huko huvuka sifuri kwa wiki kadhaa, tabaka la juu la ardhi huyeyuka, na mierebi mitambaazi na samadi ya wanyama huulisha udongo. Ndiyo maana ardhi iliyoganda ya Axel Heiberg ina seli maelfu ya mara zaidi ya ile ya bonde la University, ingawa zote mbili huitwa majangwa baridi.

Kwa anayependa miamba, kaskazini kuna kitu kimoja ambacho kusini hakuna. Kasoko ya Haughton kwenye kisiwa cha Devon, yenye kipenyo cha kilomita 23 hivi, ilichimbwa na kimondo, na mshtuko wake uliigeuza miamba ya naisi iliyokuwa migumu na isiyopitisha mwanga kuwa myepesi, yenye matundu na yenye kuangaza. Cockell na wenzake walikuta sianobakteria ndani ya miamba iliyopigwa na si ndani ya ile iliyosalimika. Kwa wanaofikiria Mirihi, sayari iliyojaa makovu ya vimondo, mahali hapo pana uzito wake.

Kilimanjaro huulizwa mara nyingi na wanafunzi wa Afrika Mashariki, nayo inastahili jibu fupi. Udongo ulio karibu na barafu inayopungua ya kilele chake umekwisha kuchunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, ambao mwaka 2019 walieleza kwamba una mchanganyiko wa vijidudu vinavyopatikana kwenye sehemu nyingi za baridi duniani na vingine vilivyo vya hapo peke yake. Si jangwa la ncha, kwa kuwa huganda usiku na kuyeyuka mchana mwaka mzima badala ya kuwa na majira marefu ya giza na ya mwanga, na mawe yake ni ya volkano. Lakini kwa swali la namna vijidudu vya baridi vinavyosafiri kutoka bara hadi bara, ni mahali pazuri, na kibali huombwa COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, na kwa mamlaka za hifadhi, si Christchurch.

Nani achague nini

Mwenye swali la uhai unaofanya kazi leo, jinsi unavyojipanga na jinsi unavyoubadilisha mwamba, achague mwamba, na achague Antaktika au sampuli zilizokwisha kukusanywa kutoka huko. Ajiandae kwa maabara yenye msumeno mwembamba, hadubini nzuri na uvumilivu wa kuvunja seli za kuvu.

Mwenye swali la mpaka wa uhai, au la kujilisha kwa gesi za hewani, au la uhusiano wa vijidudu na wanyama wadogo, hana budi kwenda udongoni. Lakini swali la mpaka na swali la wanyama havikai kwenye udongo mmoja: la kwanza ni la mabonde ya juu na ya mbali na bahari, la pili ni la bonde la Taylor na mfano wake. Kuyachanganya katika mradi mmoja mdogo ni kujitafutia data ambazo hazisemezani.

Aliye na msimu mmoja tu, fedha kidogo na msimamizi aliye mbali, ningemshauri hipolithi, na ningemshauri azitafute Aktiki ya Kanada kwanza iwapo amepata timu ya kujiunga nayo. Atapata takwimu za kutosha kwa kamba, rula na daftari, na DNA itakuja kuongeza maelezo badala ya kubeba kazi yote. Aliye na kompyuta tu anaweza kuanza na data za DNA zilizowekwa wazi kwenye hifadhi za kimataifa, ambazo nyingi hazijawahi kulinganishwa makazi kwa makazi. Atazame kwanza kama waliokusanya walisoma pia sampuli tupu, na kama hawakufanya hivyo, data za udongo aziache na abaki na za mwamba.

Kwa yeyote atakayekwenda mwenyewe shambani, kanuni ya kukusanya ni moja: kwa kila jiwe lenye kijani chini yake, achukue pia udongo ulioligusa, udongo ulio sentimita 20 pembeni, na jiwe la ukubwa huohuo lisilo na kijani, vyote siku ileile na kwa vifaa vilivyosafishwa upya, kisha avigandishe kabla ya kurudi kambini.